Shauri kwa Wapandao Hanang Mara ya Kwanza

Juma la pili la muhula huu karatasi ilibandikwa ukutani karibu na bwalo la chakula, ya kuandika majina ya wale watakaokwenda kupanda Mlima Hanang katika likizo ya mwezi wa sita. Siku ya kwanza majina yalikuwa 41. Siku ya nne nilipopita nikaona majina 12 yamekatwa, na mengine yamepigwa mistari mitatu minne kana kwamba mwenyewe alitaka lisisomeke kabisa. Bwenini hapana hata mmoja aliyesema kwamba anaogopa. Mmoja alisema atahitajiwa shambani, wa pili alisema ana goti, wa tatu alisema kwamba mlima si jambo la maana kwa mtu mwenye mtihani. Na wale ambao majina yao yamebaki, wanacheka kupita kiasi kila mlima unapotajwa. Nakijua kicheko kile, maana nilikicheka mimi mwenyewe nilipokuwa Kidato cha Pili.

Ndiyo sababu nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu. Maoni yangu ni haya: kuogopa mlima si aibu, wala hakumzuii mtu kuupanda. Kinachomwangusha mtu ni ile hofu anayoificha, kwa kuwa hofu iliyofichwa haikai kimya. Huingia miguuni ikamwendesha vibaya. Nitaeleza jinsi nilivyolijua jambo hili, kisha nitatoa mashauri machache kwa wanafunzi wenzangu, na mwisho neno kwa wazazi na walimu.

Kwanza tukubali kwamba hofu hii ina sababu zake. Hanang si kilima cha kuchungia mbuzi. Ni volkano iliyolala, mlima wa nne kwa urefu katika Tanzania baada ya Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin, na kilele chake kipo karibu mita 3,420 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Katesh mpaka kileleni mtu hupanda zaidi ya mita 1,500 kwa miguu yake mwenyewe. Hewa ya kule juu ni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani, na kwa kila mita 1,000 za kupanda joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6. Sisi wa Mbulu tumezoea baridi na miinuko, lakini wamo wenzetu waliotoka Tanga na Dar es Salaam ambao hata asubuhi za hapa shuleni huwatetemesha.

Tena tusisahau tarehe 3 Desemba 2023. Mvua kubwa zilinyesha, na matope, mawe na miti vikaporomoka kutoka mlimani mpaka Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Serikali ilieleza kwamba haikuwa volkano iliyoamka, bali sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji mpaka ikakatika. Wamo miongoni mwetu waliozika ndugu zao katika siku zile. Ikiwa mmoja wao amelikata jina lake katika karatasi ile, asiulizwe sababu, na mtu asithubutu kumwita mwoga.

Sasa nieleze habari yangu. Mwezi wa sita mwaka 2023, nusu mwaka kabla ya maporomoko, tulipanda Hanang tukiwa watu 14 pamoja na mwongozaji, mzee mmoja mwenye fimbo na maneno machache. Mama yangu alikuwa ameninunulia viatu vipya mnadani, nami nikavitunza visichafuke hata siku ya safari. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Kosa la pili ni kwamba usiku ule sikulala kwa hofu, lakini rafiki zangu waliponiuliza nilisema nilikuwa nasoma.

Kupanda kulikwenda vizuri. Tulianza saa kumi na moja alfajiri, tukapita msituni, tukatokea kwenye majani, kisha tukashika mgongo wa mlima. Hapo ndipo Hanang humcheka mgeni, maana kila unapodhani umefika kileleni, wakiona kilele kingine mbele yako. Saa saba mchana tulikuwa juu. Tuliliona Ziwa Balangida likimeta kwa chumvi yake, tukaona na nyanda za Mbulu. Tuliimba, tukala viazi na karanga, tukapigwa picha.

Kisha mzee akasema, "Haya wanangu, tushuke."

Niligeuka nikatazama chini. Katesh ilikuwa kama viberiti vilivyomwagwa sakafuni. Wakati wa kupanda macho yangu yalikuwa yakitazama ardhi iliyo mbele ya uso wangu. Sasa mbele ya uso wangu hapakuwa na kitu. Magoti yakaanza kutetemeka. Mbele yangu rafiki zangu walikuwa wakishuka wakicheka, nami nikacheka pia, nikaanza kushuka huku mwili wote nimeuvuta nyuma na mkono mmoja umeshika majani. Hatua ya kumi au ya kumi na mbili, visigino viliteleza, miguu ikatangulia, nikashuka kwa makalio kiasi cha urefu wa darasa mpaka goti lilipokutana na jiwe.

Walikuja mbio kuniuliza. Nikasema, "Sijaumia." Basi tukaendelea. Nikajiweka wa mwisho, nikajifanya natazama maua na ndege, kumbe goti lilikuwa linavimba ndani ya suruali. Kila mara kundi zima lilisimama kunisubiri. Tulipoingia msituni jua lilikuwa linazama, na kati yetu sote tulikuwa na tochi mbili tu, maana kwa hesabu ya asubuhi tungalifika chini mchana mweupe. Katika giza lile msichana mmoja wa darasa letu alikwaa mzizi. Alinyosha mkono wa kulia ili ajizuie, na kifundo cha mkono kikavunjika.

Mzee mwongozaji alimfunga mkono kwa kitambaa na kijiti. Alipomaliza alinijia akaniangaza tochi mguuni.

"Mwanangu, goti hili linakuuma tangu saa ngapi?"

"Tangu kule juu, mzee."

"Mbona hukusema?"

Sikuwa na la kumjibu. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kama ningalisema palepale, angalinikatia fimbo, angaligawa mzigo wangu, na tungalikuwa nje ya msitu kabla ya giza. Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi maradhi yangu yalimwumbua mtu mwingine. Mkono wa yule dada ulifungwa plasta majuma sita, na shule ilipofunguliwa nilimwandikia madaftari yake yote. Kila jioni alinishukuru kwa adabu, na kila jioni shukrani ile ilinichoma. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa kuyaandika haya.

Watu wa Mbulu tumelelewa na jina la John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, alianguka, goti likaumia, akafungwa bandeji akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, na dunia haijamsahau. Nami nilipokuwa nikishuka na goti langu nilimfikiria yeye, nikajiona shujaa. Nilikosea sana. Akhwari hakuficha goti lake. Bandeji yake ilionekana na uwanja mzima. Wala kuchelewa kwake hakukumwacha mtu mwingine gizani. Kuvumilia maumivu ni sifa, lakini kuyaficha mbele ya wenzako mnaotegemeana si uvumilivu, ni ubinafsi wenye sura ya ushujaa.

Baada ya safari ile nilitaka kujua kwa nini niliteleza pale ambapo wenzangu hawakuteleza. Jibu nililipata mbali na hapa, katika mchezo ambao huenda hapana hata mmoja wetu atakayeucheza, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Nilikuwa nikisoma habari za Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya kutoka pande za Eldoret. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kufundishwa mchezo huo, naye kabla ya hapo hakuwa amezoea theluji hata kidogo. Mtu aliyekwisha kuzoea kupita wengine kwa mbio alikuwa sasa kama mtoto anayeanza kusimama. Aliangushwa na theluji mara nyingi, akainuka.

Mwaka 1998 alishindana katika Olimpiki ya majira ya baridi mjini Nagano, Japani, katika mbio za kilometa 10, Mkenya wa kwanza katika michezo ile. Alikuwa wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Lakini Dæhlie hakuondoka. Alimngoja kwenye mstari wa mwisho mpaka alipofika, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Naye hakuuacha mchezo, maana alirudi katika Olimpiki za mwaka 2002 na 2006.

Nikaendelea kusoma jinsi wanavyofundishwa watu wanaoanza mchezo ule, nikakuta maneno yaliyonifumbua macho. Mwanafunzi mwenye hofu, akiuona mteremko, huuvuta mwili wake nyuma, akidhani anajiokoa. Lakini akijivuta nyuma, uzito hutoka mbele, zile mbao hazimtii tena, zinakimbia naye. Kwa hiyo mwalimu humwambia akunje magoti na kuinama mbele kidogo, yaani kuuelekea mteremko anaouogopa. Siku ya kwanza, kabla ya kufundishwa kwenda, hufundishwa kuanguka, kwa ubavu na bila kuikaza mikono, na jinsi ya kuinuka.

Hapo nikakumbuka visigino vyangu juu ya majani ya Hanang. Kumbe hofu ilinipa shauri, nami nikalifuata, na shauri lenyewe lilikuwa la uongo. Hofu ni mlinzi mzuri anayekuamsha usiku na kukuambia pana hatari, lakini ukimpa mlinzi usukani wa gari, mtaingia shimoni nyote.

Basi ndugu zangu mnaokwenda mara ya kwanza, yashikeni mambo haya.

Kwanza, anzeni sasa. Nyuma ya shule pana kilima. Kipandeni kila Jumamosi, lakini zaidi jifunzeni kukishuka. Kunja magoti, weka uzito juu ya nyayo, piga hatua fupi, tazama hatua tatu nne mbele na si bondeni. Pale palipo pakali usishuke moja kwa moja. Itazameni njia ya ng'ombe: haianguki mteremko kama maji, huenda huku ikarudi huku. Wachezao juu ya theluji nao hufanya vivyo hivyo.

Pili, jifunzeni kuanguka. Ukiona unateleza, keti upande wa mlima mapema kabla hujatupwa, wala usinyoshe mkono ulionyooka kujizuia. Mkono wa dada yule ulivunjika kwa namna hiyo.

Tatu, viatu visiwe vipya. Vivaeni tangu sasa mpaka vizoeane na miguu, na siku moja kabla ya safari kata kucha za vidole vya miguu, maana wakati wa kushuka vidole hugonga mbele ya kiatu saa nyingi. Chukua fimbo. Wazee wa huku hawaendi safari bila fimbo, nao wana sababu.

Nne, kila mtu achukue maji yake, yasipungue lita 3, asitegemee kuyapata njiani. Kila mtu achukue sweta, koti la mvua na tochi yake mwenyewe, hata kama safari ni ya mchana. Nimekwisha kuwaambia habari za tochi mbili.

Tano, kichwa kikiuma sana na moyo ukachafuka kwa sababu ya urefu wa mlima, sema, na usiendelee kupanda. Dawa ya kwanza ni kushuka. Kilele hakihami, mwakani utakikuta palepale.

Sita, na hili ndilo kubwa, mwambie mtu mmoja kwamba unaogopa. Si lazima utangaze mbele ya gwaride. Mwambie yule utakayekwenda naye bega kwa bega, naye akuambie la kwake. Siku ya safari mkiwa wawili wawili, kila saa mmoja amwulize mwenzake hali ya miguu, maji na kichwa, na mwenzake ajibu kweli. Na wewe unayeambiwa, usicheke. Dæhlie alikuwa bingwa, naye alimngoja aliyeshika mkia. Mwenye nguvu katika kundi letu anaweza vipi kushindwa kumngoja mwanafunzi mwenzake chini ya mti?

Kwa walimu wetu, kwa heshima zote, naomba mambo mawili. Pasiwe na tuzo ya kufika kwanza kileleni, maana tuzo ya namna hiyo huwafundisha watu kuficha magoti. Na siku ya safari mvua kubwa ikinyesha, au mwongozaji akisema mlima haufai, safari iahirishwe bila ya kubishana, hata kama gari limekwisha kulipiwa. Mlima ule ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na waongozaji wanaujua kuliko sisi. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Turudi nyumbani tukichekwa, haidhuru.

Kwa wazazi wetu, nawaomba msikasirike nikisema hivi. Najua baada ya Desemba 2023 mama akisikia jina la Hanang moyo humruka. Mama yangu mwenyewe alikataa safari mbili. Sikubishana naye kwa kumwambia kwamba hakuna hatari, maana ingekuwa uongo. Nilimweleza kwamba matope yale yaliporomoka wakati wa mvua kubwa, nasi tunakwenda wakati wa kiangazi. Kwamba tuna mwongozaji. Kwamba mwalimu ameahidi kuahirisha mvua ikinyesha. Na kwamba safari hii goti langu likiuma nitasema. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama viatu vya mwaka ule bado vinanitosha. Mzazi anayesema hapana baada ya kuelezwa yote, naye aheshimiwe. Lakini mtoto asiseme hapana kwa sababu tu aliona haya kuuliza.

Huenda mtu akasema, faida yake nini? Mlima hauulizwi katika mtihani. Ni kweli. Lakini kila mmoja wetu atasimama siku moja juu ya mteremko mwingine: siku ya kwanza mbele ya darasa akiwa mwalimu, siku ya kwanza katika chumba cha upasuaji akiwa muuguzi, siku ya kwanza katika mji ambao hajui mtu. Mwili utataka kujivuta nyuma. Atakayekuwa amejifunza juu ya majani ya Hanang kukunja magoti na kuinama mbele, na kumwambia mwenzake "naogopa, tushuke polepole," huyo atakuwa amepata elimu ya kutosha kwa nauli ya basi mpaka Katesh.

Jana nilipita tena penye karatasi ile. Majina mawili kati ya yale yaliyokatwa yameandikwa upya pembeni kwa herufi ndogo. Na jina la kwanza kabisa juu ya karatasi, ambalo tangu siku ile ya kwanza halijaguswa na kalamu ya mtu, ni la yule dada aliyevunjika mkono. Langu ni la pili. Tumekubaliana kwenda bega kwa bega, na kila mmoja atakuwa na tochi yake.

Shime, wenzangu. Ogopeni, semeni, kisha tupande.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne